Udongo unaoshika fosfeti: kuupima, kuuchorea mkunjo na kuutafutia kipimo cha mbolea

Chukua chupa mbili. Moja tia mchanga wa pwani, nyingine udongo mwekundu wa Vihiga, ule unaoganda chini ya kiatu na kuacha rangi kwenye pindo la suruali. Mimina katika kila chupa maji yenye fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo mmea huinywa, kiasi kilekile. Tikisa, chuja, kisha dondoshea dawa ya molibdeti, ambayo hugeuka bluu ikikutana na fosfeti. Maji ya mchanga yanakuwa bluu kama wino. Maji ya udongo mwekundu yanabaki karibu meupe, kana kwamba hukuweka kitu. Fosfeti yako iko kwenye lile tope lililobaki juu ya karatasi ya kuchujia.

Mkulima mwenye udongo kama huo husema shamba lake linakula mbolea. Anachokiona ni kweli: ameweka DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosfeti, na bado mahindi yanatoka na kingo za zambarau kwenye majani, dalili ya njaa ya fosforasi. Ila udongo hauli. Unashika, na nguvu ya kushika inapimika, inachorwa kwenye grafu, na kutoka kwenye grafu hiyo unaweza kuteremka hadi kwenye shimo la mbegu na kizibo cha soda. Mwongozo huu unafuata safari hiyo yote. Ni wa mwanafunzi wa udongo, fundi wa maabara, au bwana shamba mwenye rafiki maabara.

Kwanza, elewa kinachotokea

Naitreti husafiri na maji. Mvua kubwa ikinyesha inaondoka nayo. Fosfeti si hivyo. Juu ya chembe za oksidi za chuma na alumini, yaani gothaiti, hematiti, gibsaiti na wenzao, kuna vikundi vya hidroksili na molekuli za maji zilizoshikamana na atomu ya chuma au alumini. Fosfeti ikifika humtoa mwenye nafasi na kukaa yenyewe: oksijeni yake inafungana moja kwa moja na chuma, mara nyingi kwa mikono miwili. Ndiyo maana kuosha kwa maji hakuitoi kirahisi.

Udongo mwekundu una oksidi hizi kwa wingi, tena katika chembe ndogo mno. Gramu moja ya ferihidriti, oksidi ya chuma iliyo changa, ina uso wa zaidi ya mita za mraba 200. Gramu moja ya mchanga haifikii hata mita moja. Kingo za mfinyanzi wa kaolini nazo hushika, kwa kiasi kidogo zaidi. Udongo wa majivu ya volkano, kama wa Rungwe na miteremko ya Kilimanjaro, una alofani, madini ya alumini yenye chembe ndogo mno, na huo hushika kuliko karibu udongo wote mwingine. Kwenye udongo wa chokaa mambo ni tofauti: hapo mshikaji mkuu ni kalsiamu, na fosfeti huishia kuwa chumvi ngumu kuyeyuka.

Hatua ya 1: Sampuli

Tembea shambani kwa zigizaga na uchote sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 0 hadi 15. Kwepa kichuguu, mahali palipochomwa takataka, na palipolala ng'ombe. Sehemu moja ya majivu inaweza kukupotosha matokeo yote. Changanya kwenye ndoo safi, punguza ibaki kama kilo moja.

Anika kivulini, ponda taratibu, chekecha kwa chekeche la milimita 2. Usikaushe kwenye oveni. Joto hubadilisha uso wa zile oksidi, na kwa udongo wa volkano hata kukausha sana kwa hewa kunaleta mabadiliko yasiyorudi. Udongo wa aina hiyo uufanyie kazi ukiwa na unyevu wake, kisha upime unyevu pembeni ili hesabu yako iwe ya udongo mkavu.

Hatua ya 2: Mimumunyo

Unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kloraidi ya kalsiamu ya molari 0.01: gramu 1.47 za aina yenye maji mawili ndani yake, katika lita moja ya maji yaliyokenekwa. Inafanya chupa yako ifanane kidogo na maji yaliyomo kwenye udongo wenyewe, na inagandamanisha mfinyanzi ili utakachochuja kiwe safi. Anayetumia maji matupu hujikuta na maji yenye ukungu mwekundu, na ukungu huo una fosfeti yake mwenyewe.

Cha pili ni mmumunyo mama wa fosfeti. Kausha fosfeti ya potasiamu (KH₂PO₄) kwa saa mbili kwenye nyuzi 105, pima gramu 4.394, yeyusha katika maji yaliyokenekwa hadi lita moja. Hapo una miligramu 1000 za fosforasi kwa lita. Andika kwenye chupa kwamba ni fosforasi, si fosfeti. Wanaochanganya hivi viwili hukosea mara tatu zaidi, na wale wanaochanganya fosforasi na P₂O₅ ya kwenye mfuko wa mbolea hukosea mara mbili na zaidi.

Punguza mmumunyo mama kwa ile kloraidi ya kalsiamu. Mililita 3 zikijazwa hadi 100 zinakupa miligramu 30 kwa lita. Kwa udongo mwekundu, andaa ngazi kama 0, 6, 12, 20, 30, 44, 52 na 60. Kwa mchanga ngazi hizo ni kubwa mno: ukianza na 60 na kubakiwa na 58, tofauti yote imemezwa na makosa ya kipimo. Mchanga upe 0 hadi 5. Kama huujui udongo wako, jaribu kwanza chupa tatu tu, kisha ndipo upange ngazi zako.

Hatua ya 3: Kutikisa

Weka gramu 3 za udongo na mililita 30 za mmumunyo katika kila chupa, na kila ngazi iwe na chupa mbili. Ongeza chupa zisizo na udongo kabisa, ili ujue kama plastiki au karatasi ya kuchujia inakuibia au kukuongezea. Tia matone mawili ya toluini kuzuia vijidudu wasile fosfeti. Ni sumu na inashika moto, kwa hiyo fanya kazi hiyo penye hewa.

Maabara nyingi hutikisa saa 24 mfululizo. Mimi napendelea utaratibu wa Fox na Kamprath wa mwaka 1970: siku 6 kwenye nyuzi 25, ukitikisa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Sababu yangu ya kwanza ni ya kisayansi, kwani ushikaji hauishi kwa siku moja. Ya pili ni ya kwetu: umeme ukikatika usiku, kutikisa kwa saa 24 kumeharibika, ilhali huu wa siku 6 unaweza hata kuutikisa kwa mkono.

Hapa niseme jambo lililonigharimu wiki mbili. Chupa zangu zisizo na udongo wala fosfeti zilikuwa zinatoka bluu. Nikabadilisha dawa, nikabadilisha maji, bado. Mwishowe nikaenda jikoni kwa maabara na kusoma pakiti ya sabuni ya kuoshea: fosfeti ilikuwemo kwenye orodha ya viambato. Tangu siku hiyo vyombo vya kazi hii naviloweka kwenye asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa na kuvisuuza kwa maji yaliyokenekwa, na sabuni haivigusi.

Hatua ya 4: Kusoma bluu

Chuja, ukimwaga matone ya kwanza. Kipimo ni cha Murphy na Riley cha mwaka 1962: molibdeti ya amonia, asidi ya salfuriki, antimoni kidogo, na asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C. Changanya dawa siku hiyohiyo. Ya jana imekwisha nguvu. Subiri kama dakika 10 hadi 30, soma kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa na rangi, kwa nanomita 880. Mstari wa kulinganishia, unaochorwa kwa mimumunyo ambayo fosforasi yake unaijua, uwe wa miligramu 0 hadi 1 kwa lita, na maji yaliyozidi hapo yapunguze kwanza. Usimwamini anayesoma bluu nzito kisha akarefusha mstari kwa rula.

Hatua ya 5: Hesabu

Kilichoshikwa ni kilichokuwepo toa kilichobaki, zidisha kwa lita za mmumunyo kwa kila kilo ya udongo. Mililita 30 kwa gramu 3 ni lita 10 kwa kilo. Tuchukue namba za mfano kwa udongo mwekundu:

Chupa iliyoanza na 12 imebaki na 0.10, udongo umeshika 119 mg kwa kilo.
Iliyoanza na 30 imebaki na 0.40, umeshika 296.
Iliyoanza na 52 imebaki na 2.0, umeshika 500.

Chora kilichobaki kwenye mhimili wa chini na kilichoshikwa kwenye mhimili wima. Utaona mstari unapanda wima kama ukuta, kisha unalala. Huo ndio mkunjo wa ushikaji, na umbo hilo, ukuta kwanza kisha uwanda, ndilo lenye faida kubwa kwa mkulima. Tutalirudia.

Hatua ya 6: Kuuvika mkunjo mlinganyo

Mlinganyo maarufu zaidi ni wa Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Aliuandika mwaka 1918 kwa ajili ya gesi zinazokaa juu ya vitu vigumu:

q = Q·K·C ÷ (1 + K·C)

q ni kilichoshikwa, C kilichobaki majini, Q ni idadi ya viti vyote, yaani nafasi za fosfeti kukaa juu ya chembe, na K ni nguvu ya kiti kumng'ang'ania mgeni wake. Kwa mkono, gawanya C kwa q katika kila chupa, kisha chora majibu hayo dhidi ya C. Utapata mstari ulionyooka. Katika mfano wetu ni 0.00084, 0.00135 na 0.0040. Mteremko wake ni kama 0.00167, na unakata mhimili wima kwenye 0.00067. Moja gawanya kwa mteremko inakupa Q, karibu 600 mg kwa kilo. Mteremko gawanya kwa pale unapokata inakupa K, karibu 2.5.

Njia hii ya mstari ina udanganyifu: C iko pande zote mbili za grafu, kwa hiyo mstari unapendeza hata data ikiwa mbovu. Ukiwa na kompyuta, acha mlinganyo ulivyo na umwachie Solver wa Excel, au nls ya R, atafute Q na K zinazopunguza makosa. Kisha tazama makosa yaliyobaki, chupa kwa chupa. Yakipinda kwa mpangilio, chini ya mstari mwanzoni na juu yake katikati, mlinganyo huo haukufaa udongo wako.

Wa pili ni wa Freundlich: q = a·Cᵇ, a na b zikiwa namba za udongo wako, b ikiwa chini ya 1. Hauna kikomo cha viti, na mara nyingi unaukaribia udongo halisi vizuri zaidi, kwa sababu viti vya udongo havilingani: vingine vinakaba, vingine vinashika kwa vidole tu. Langmuir alidhani viti vyote ni sawa na kila mgeni anakaa peke yake bila kumsumbua jirani. Udongo unavunja masharti hayo yote. Kwa hiyo hiyo Q ya 600 ichukue kama namba ya kulinganishia udongo na udongo. Usiape kwamba ukifika 600 mlango umefungwa.

Kuna kosa moja ambalo hata waliosoma hulifanya. Shamba lililopewa mbolea miaka mingi tayari lina fosfeti kwenye viti. Chupa ya ngazi 0 itatoa fosfeti badala ya kuichukua, na q yake itakuwa hasi. Usiifute. Ongeza kwenye mlinganyo kiasi kilichokuwepo: q = Q·K·C ÷ (1 + K·C) − q₀. Pale mkunjo unapokata sifuri ndipo udongo hautoi wala hauchukui. Wanaofuatilia matope ya mito inayoingia Ziwa Victoria, ambako gugumaji hustawi kwa rutuba inayotoka nchi kavu, huitegemea sana nukta hiyo: maji ya mto yakiwa na fosfeti pungufu ya hapo, tope linaachia, yakizidi, linachukua.

Wanasayansi wanaenda mbali zaidi wapi?

N. J. Barrow wa Australia alionyesha kwamba baada ya kukaa juu ya chembe, fosfeti huendelea kuzama ndani polepole, wiki na miezi. Yeye na wenzake waliongeza muda kwenye mlinganyo: q = a·Cᵇ·tᶜ. Ndiyo sababu mbolea iliyokaa mwezi mmoja kwenye udongo wenye unyevu haina nguvu ya ile iliyowekwa siku ya kupanda.

Hiemstra na Van Riemsdijk wa Wageningen, Uholanzi, walichapisha mwaka 1996 modeli ya CD-MUSIC, inayohesabu chaji ya kila kikundi kwenye uso wa oksidi na jinsi chaji ya fosfeti inavyogawanyika kati ya uso na maji. Hapo pH inaingia yenyewe, na pia ushindani wa kalsiamu na asidi za mboji. Ukitaka kujaribu hesabu za jamii hiyo, programu ya bure ya PHREEQC kutoka Idara ya Jiolojia ya Marekani inazifanya, ila inahitaji ujue kiasi cha oksidi na eneo la uso wake, si pH peke yake.

Kwa mazao yenyewe ipo QUEFTS ya mwaka 1990, ya Janssen na wenzake wa Wageningen, iliyojengwa kwa kutumia data za majaribio ya Kenya. Haichori mkunjo wa ushikaji hata kidogo. Inaanza na vipimo vya kawaida vya maabara na kukadiria naitrojeni, fosforasi na potasiamu ambazo mahindi yatachukua. Kama swali lako ni gunia ngapi, anza na hiyo.

Hatua ya 7: Kutoka kwenye mkunjo hadi shambani

Fox na Kamprath walitumia miligramu 0.2 za fosforasi kwa lita kama kiwango cha kulinganishia, na wengi wamewafuata. Mazao mengi hutosheka na chini ya hapo, lakini tuitumie. Kwenye udongo wetu wa mfano, C ya 0.2 inadai q ya 200 mg kwa kilo.

Hekta moja kwa kina cha sentimita 15, udongo wa tani 1.1 kwa mita ya ujazo, ina kilo 1,650,000 za udongo. Zidisha: kilo 330 za fosforasi. TSP, mbolea ya punje ya fosfeti isiyo na naitrojeni, ina takriban asilimia 20 ya fosforasi, kwa hiyo ni kilo 1,650 za TSP, mifuko 33 ya kilo 50 kwa hekta, kama 13 kwa ekari. Hakuna mkulima wa ekari mbili ninayeweza kumpelekea karatasi hiyo nikamtazama usoni.

Sasa rudi kwenye ule ukuta. Usiushibishe udongo wote. Shibisha sehemu ndogo. Mahindi kwa mistari ya sentimita 75, mbolea ichanganyike na udongo wa upana wa sentimita 7.5 tu kwenye mstari, ni sehemu moja ya kumi ya shamba. Dai linashuka hadi kilo 33 za fosforasi kwa hekta, yaani kilo 165 za TSP: mfuko mmoja na theluthi kwa ekari.

Kilo hizohizo 33 ukizitawanya shamba zima, kila kilo ya udongo inapata 20 mg. Rudisha namba hiyo kwenye mlinganyo: maji ya udongo yanabaki na 0.014 mg kwa lita. Kwenye mstari yana 0.2. Mbolea ni ileile na pesa ni ileile, lakini maji yanayogusa mzizi yana fosforasi mara 14. Ni kweli kwamba mizizi mingi itakuwa nje ya mstari huo, lakini mizizi ya mahindi inapokutana na fosforasi huchipua matawi hapohapo, na mche mchanga ndio wenye shida kubwa zaidi.

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kwa shimo, hekta ina mashimo kama 44,400. Kilo 165 zinakuwa gramu 3.7 kwa shimo. Kizibo cha soda kilichojaa hubeba karibu gramu 5 za mbolea ya punje, lakini punje hazilingani: peleka kizibo chako kwenye mizani, jaza mara kumi, pima jumla, gawanya kwa kumi, kisha chora alama ya ndani kwa kalamu ya wino usiofutika. Funika mbolea kwa udongo kidogo kabla ya mbegu, hasa kama ni DAP, kwa sababu amonia yake huunguza chipukizi.

Vya kuchanganya na kupima tena

Samadi na majani ya alizeti mwitu, yale ya maua ya njano kwenye nyua za magharibi mwa Kenya, huleta asidi zinazogombea viti vilevile. Kuona athari yake usibahatishe: loweka udongo na samadi kwa wiki chache, rudia chupa zako, uweke mikunjo miwili kwenye grafu moja.

Minjingu, mwamba wa fosfeti unaochimbwa karibu na Ziwa Manyara, huyeyuka kwenye udongo wenye asidi, hasa pH chini ya 5.5, wenye kalsiamu kidogo. Udongo unaoshika sana husaidia kuuyeyusha, kwa kuwa unaondoa fosfeti majini kila inapotoka. Lakini fosfeti hiyohiyo inakwenda kwenye viti kabla ya kufika kwenye mzizi. Usiutegemee peke yake msimu wa kwanza.

Chokaa itie kwa sababu ya alumini inayoua mizizi. Usiahidi kwamba itapunguza ushikaji: kwenye udongo mmoja mkunjo hushuka, kwenye mwingine hupanda.

Na ule udongo uliobaki kwenye mfuko, ufunge, uandike tarehe, shamba na kina, uuweke pakavu. Baada ya misimu mitatu ya mbolea kwenye mstari uleule, chota upya ndani ya mstari na nje ya mstari, tikisa chupa za sampuli zote tatu siku moja kwa mmumunyo mmoja. Viti vilivyokwisha kukaliwa utavisoma kwenye ile chupa ya ngazi 0.